Atafika, Hatafika

Mto ukifika Kisangani hauombi njia. Unatoka mbali, kutoka upande wa Ubundu, umebeba magogo mazima na visiwa vya majani, halafu mwamba unaukata ghafla nao unaanguka kwa kishindo. Mtu aliyezaliwa pale hakisikii kishindo hicho. Hukisikia siku anapolala kwingine, akakosa usingizi kwa sababu ya ukimya.

Hapo penye maporomoko ndipo alipoishi Pétronille na mumewe Léon, pamoja na watoto wao wawili: Hilaire, mvulana wa miaka kumi na mmoja, na Claudine, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Kwenye karatasi za serikali mji uliitwa Stanleyville, lakini hakuna bibi wa pale aliyejisumbua kulitamka jina hilo.

Léon alikuwa mvuvi kama baba yake na babu yake. Wanaume wa maporomoko walisimika miti minene ndani ya mashimo ya mwamba, katikati kabisa ya maji yanayokimbia, wakaifunga kwa kamba za msituni, na juu yake wakalaza miti myembamba ya kukanyagia. Chini walining'iniza matenga makubwa, mdomo wazi umeyaelekea maji. Samaki akiingia hatoki, kwa kuwa mto wenyewe unamsukuma ndani. Mgeni aliyefika kwa mara ya kwanza na kuwaona wanaume wakitembea juu ya vijiti vile, miguu mitupu, ukungu wa maji umewameza mpaka kiunoni, aliacha kuongea. Hata wazungu wenye kamera walikuwa wanasahau kwanza kwamba wamekuja na kamera.

Kati ya ufuko na mstari wa kwanza wa miti ile palikuwa na mkondo mwembamba ambao watu waliuita Koo, kwa sababu ulimeza. Mtoto wa kiume akishapata nguvu za mabega, baba yake alimpeleka juu ya mwamba ulio mwanzoni mwa Koo, akamwambia aruke, ayaachie maji yamchukue, kisha ashike mti wa kwanza atakaoufikia. Baba alikuwa anasubiri palepale kwenye mti, mkono tayari. Lilikuwa jambo la baba na mwana. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto alitoka majini akitetemeka, akapewa samaki wa kuchoma, basi.

Halafu akaja Arthur.

Arthur alikuwa karani katika duka moja la mjini, mtaa wa Makiso. Alikuwa na shati jeupe, kofia ya majani na baiskeli inayong'aa, na kicheko chake kiliwavuta watu kama harufu ya chakula. Alikuja Jumapili moja baada ya misa kununua samaki. Alipokuwa anasubiri, aliwaona wavulana wawili wamesimama juu ya mwamba, tayari kuruka.

"Ule wa kushoto atafika mbele," alimwambia rafiki yake.

"Hapana, wa kuume."

"Tufanye pari?"

"Pari!"

Ikawa hivyo tu. Neno lenyewe, la kuwekeana dau, halikuwa na ubaya wowote mdomoni mwake. Wa kushoto alikuwa Hilaire, na Hilaire akafika mbele. Arthur akarukaruka kwa furaha, akamkumbatia mtoto pamoja na maji yake yote, akampa peremende alizokuwa nazo mfukoni.

Jumapili iliyofuata Arthur alirudi na wenzake. Baadaye wakaja wengine kutoka Mangobo na kutoka bandarini, mpaka mwamba ukajaa viatu. Kofia ya Arthur ilizungushwa, kila mtu akitumbukiza dau lake na kutaja jina la mtoto aliyemchagua. Wavulana waliokuwa wanaruka mara moja kwa mwezi sasa waliruka kila Jumapili, wawili wawili, na aliyefika kwanza alipewa shati au mkate wenye sukari. Hilaire alikuwa na mwili mwembamba na pumzi ndefu. Watu wakampa jina, Capitaine, kwa kumfananisha na yule samaki mkubwa ambaye hata mzungu humla kwa adabu.

Léon alipomsikia mwanawe akiitwa hivyo na umati mzima, moyo wake ulipanda. Hakuwa mtu mbaya. Ni baba gani angeziba masikio?

Watoto wadogo nao walikuwa pale, kwa maana watoto wadogo wako kila mahali. Walikaa chini kwenye mchanga, chini ya mwamba, wakatazama juu na kusikiliza. Haukupita muda wakawa na soko lao. Simone, binti wa jirani, aliweka kichwa chake cha samaki. Mwingine akaweka nusu ya lituma, ndizi za kupondwa, aliyopewa na mama yake. Aliyekosea jina la mshindi alishinda na njaa mchana ule, na akanyamaza, kwa sababu ilikuwa sheria yao. Pétronille aliwapita mara nyingi akiwa na beseni kichwani. Alisikia "pari, pari" ikilia kama vifaranga, akacheka. Alidhani ni mchezo wa mchangani.

Mvua zikaja. Mto ukabadilika rangi, ukapanda mpaka miti ya kukanyagia ikawa inagusa povu, na Koo likaanza kutoa sauti nyingine, nzito, kama mtu anayekohoa chini ya ardhi. Baba mmoja baada ya mwingine akamwita mwanawe nyumbani. Mwisho akabaki Hilaire peke yake. Léon alimtazama akiruka wiki ya kwanza ya maji makubwa, akaona amefika, akasema anaweza.

Lakini watu walikuwa wamekuja, na hapakuwa na mtoto wa pili wa kushindana naye. Arthur alijikuna kidevu, akacheka.

"Bon," alisema. "Kama iko peke yake, tufanye pari ingine. Atafika, hatafika."

Watu wakacheka naye. Kila mmoja akataka kusema atafika. Kofia ikasimama, maana pari haiwezi kuwa na upande mmoja. Basi mtu mmoja nyuma, kwa mzaha, akasema yeye anachukua hatafika. Wa pili akamfuata. Kofia ikaanza kutembea tena.

Siku ile Pétronille alikuwa anatoka sokoni na mkungu wa ndizi. Alimwona mwanawe angani, mikono mbele, kisha hakumwona tena. Koo lilimfunika. Alitafuta kichwa chake kwenye maji ya kahawia, akatafuta, akatafuta. Kichwa kilitokea mbali, karibu kabisa na mti wa mwisho wa mstari, na mkono mmoja wa mtoto ukaudaka mti ule kwa vidole tu. Juu ya mwamba nusu ya watu walipiga kelele za furaha. Nusu nyingine ilitoa sauti ambayo Pétronille hakuitegemea: waliguna. Waliguna kama mtu aliyekosa gari.

Alishusha mkungu wake chini. Ndipo alipomwona Claudine kwenye mchanga, amekunja magoti, analia kwa kwikwi. Akamkimbilia, akamchukua mikononi.

"Nyamaza, mama yangu. Usilie. Kaka yako amefika, muangalie kule, yuko na papa yenu."

"Ndiyo maana nalia," alisema Claudine.

"Unasema nini?"

"Simone alichukua atafika. Bote balichukua atafika. Ilibaki hatafika peke yake." Mtoto alifuta kamasi kwa kiganja. "Sasa nimepoteza shanga zangu."

Pétronille alimtazama. Shingo ya mtoto ilikuwa tupu. Shanga zile za bluu alizifunga mwenyewe, siku ya ubatizo.

"Claudine. Ulitaka kaka yako afanye nini?"

Mtoto alifikiri. Alifikiri vizuri, kama anayeulizwa jambo la maana.

"Azame kidogo tu, mama. Azame kidogo, halafu arudi."

Pétronille hakumpiga. Alibaki amemshika, akiutazama mto, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliuogopa. Hakuogopa maji. Aliogopa kile kilichoweza kumfikia mtoto mdogo hivi pale alipokaa na kumgeuza moyo bila mtu kuona, hata akaketi mchangani kwa utulivu akimwombea kaka yake azame.

Jioni, Léon akiwa anakausha kamba kando ya moto, Pétronille alimweleza maneno ya Claudine kama yalivyosemwa. Hakuongeza kitu. Léon aliacha kamba.

"Mutoto wangu alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, Papa Hilaire. Na hakujua kama iko mubaya."

Léon akamwita Hilaire. "Tangu leo, hapana kuruka tena siku ya dimanche, baada ya misa."

"Papa! Batu bananingojea. Banatoka mbali."

"Bangoje."

Hilaire alitoka nje akalia kwa hasira. Claudine, mlangoni, aliuliza kama wiki ijayo ataweza kupata shanga zake tena.

Jumapili ikafika. Pétronille alimshika Hilaire mkono tangu kanisani, na kwa mkono wa pili Claudine. Walipokaribia nyumbani walisikia umati. Ulikuwa mkubwa kuliko siku zote, kwa kuwa habari za maji makubwa zilikuwa zimeenea mjini. Pétronille alitaka kupita tu. Wa kwake wote wawili alikuwa amewashika. Angeweza kuingia ndani na kufunga mlango.

Lakini Hilaire alisimama. "Mama, angalia. Ni Zéphirin."

Juu ya mwamba alisimama Zéphirin, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwao, mdogo kwa Hilaire kwa miaka miwili. Alikuwa amevua shati. Mikono aliikumbatia kifuani. Mtu alimwambia neno la kumtia moyo, naye akajaribu kutabasamu.

Pétronille aliachia mikono ya wanawe. Alipanda mwamba, umati ukampisha kwa kuwa hakuomba kupishwa, akamfikia Zéphirin, akamrudishia shati lake.

"Enda kwa mama yako."

Mtoto alishuka mbio bila kugeuka.

Watu wakanung'unika. Arthur alikuja mbele, kofia mkononi, sauti yake ya upole. "Mama Hilaire, pardon. Hakuna mutu amemulazimisha. Ule mutoto alikuja yeye mwenyewe."

"Munataka pari?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Naulizia: munataka pari? Bon. Leo pari iko juu yangu. Claudine! Kuya hapa."

Claudine alipanda, akasimama kando ya mama yake, kidole mdomoni. Pétronille akamwekea mkono kichwani.

"Anayesema nitafika, aseme. Na anayesema hatafika," aliwazungusha macho wote, "akuye hapa mbele amuambie huyu mutoto. Amuambie kwa mudomo wake: mama yako hatafika."

Maporomoko yalinguruma. Watu waliangalia viatu vyao. Pengine lingeishia pale, na pengine Pétronille mwenyewe alitaka liishie pale. Lakini nyuma ya umati mtu ambaye hakuonekana uso alicheka na kusema kwa sauti, "Anatisha tu! Pari, hataruka!" Na mwingine akaitikia, "Ataruka!"

Pétronille akaelewa kwamba hawataacha. Wangelifanyia pari hata hilo. Wangefanyia pari machozi ya mtoto, yatatoka jicho gani kwanza.

Alivua kitambaa cha kichwa akampa Claudine. Akakivuta kipande cha liputa, kitenge chake chekundu, kati ya miguu, akakifunga nyuma kwa nguvu, kama wanawake wa zamani walivyojifunga kwenda kutoa mitego ya kina kifupi. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume. Mabinti wake wote aliwafundisha maji kama wavulana, huko juu, kwenye visiwa. Lakini tangu aolewe hapakuwa na mtu aliyemwona Pétronille akiogelea, na Léon mwenyewe alikisikia kisa hicho kama watu wanavyosikia visa vya utoto.

Hakuruka. Aliteremka upande wa juu wa mwamba, mbali na mahali wavulana waliporukia, akaingia majini polepole, mpaka goti, mpaka kiuno. Alichovya vidole akajigusa paji la uso. Kisha akalala ubavu, kama mtu anayelala kitandani pake, na mto ukamchukua.

Waliokuwepo husimulia jambo hili mpaka leo, na kila mmoja huanza kwa kusema hakuwahi kuona kitu kama kile. Mwanamke yule hakupigana na maji. Wavulana walikuwa wanapiga mikono na miguu mpaka povu likapanda. Yeye alitulia. Mto ulimnyanyua mgongoni ukamtupa kwenye mdomo wa Koo, naye akageuza bega kidogo tu, kama anayempisha mtu mlangoni, na wimbi lililomponda Hilaire wiki iliyopita likapita kando yake. Halafu akazama.

Hilaire alikaa chini. Yeye alijua Koo kutoka ndani, alijua baridi yake na giza lake, na ndani ya maji hakuwahi kuogopa sana, maana hakukuwa na nafasi ya kuogopa. Hakujua kwamba kutoka nje ndivyo ilivyo. Hakujua kwamba maji yanaweza kubaki laini vile juu ya kichwa cha mama wa mtu, yakapita, yakapita, kama hayana kitu chini yake.

"Mama afike!" Claudine alipaza sauti. "Afike! Afike!"

Hakukuwa na upande mwingine ndani ya mtoto yule. Alikuwa mzima tena. Alilia neno moja, miguu ikipiga mwamba, na Arthur aliyesimama karibu naye akajikuta midomo yake inatikisika. Afike. Mwanamume wa bandarini mwenye mabega kama mlango alikuwa analitamka. Afike. Wale waliocheka walikuwa wanalitamka. Umati mzima uliinamia mto, na katika kishindo kile kikubwa palisikika kishindo kidogo cha watu wanaoomba. Tangu siku Arthur alipokuja, mwamba ule ulikuwa haujawahi kuwa na upande mmoja.

Kwenye miti ya uvuvi, Léon na wenzake walikuwa wanafunga upya mti uliolegezwa na maji. Hawakusikia lolote. Léon aliona kitu cheusi na chekundu kinapanda kutoka chini, mahali ambapo hakuna mtoto aliyewahi kutokea, juu kabisa ya mstari, penye mti wa kwanza. Alidhani ni gogo. Kisha akaitambua liputa. Alikimbia juu ya vijiti vile vinavyoteleza kama anakimbia barabarani. Alipofika, mkewe alikuwa ameshaushika mti kwa mikono miwili, kwa uthabiti, na uso wake umeinuka anavuta pumzi.

Akamnyooshea mkono. Pétronille alingoja kidogo kwanza, akipumua. Kisha akaushika.

Walirudi ufukoni kwa njia ya miti, yeye mbele, mumewe nyuma, maji yakimchuruzika. Kutoka mwambani walionekana wadogo sana, wamezungukwa na ukungu mweupe, mto mzima ukianguka nyuma yao. Hakuna aliyeshangilia. Mzee mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Arthur alikuwa ameikumbatia kofia kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliye kanisani.

Pétronille alipanda mwamba. Pumzi ilikuwa bado haijatulia.

"Nani ameshinda?" aliuliza.

Macho yakaenda kwenye kofia ya Arthur.

"Naulizia. Nani ameshinda?"

Claudine alimrukia shingoni, akalowa. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kutazamana, bila kuaga, kama wanavyoondoka msibani wale waliokuja bila kualikwa. Arthur alirudisha vilivyokuwa ndani ya kofia kwa wenyewe. Kisha akachukua baiskeli yake, akaisukuma huku anatembea mpaka akapotea machoni.

Wiki ile ile wavuvi walikaa pamoja. Léon aliongea kwanza, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alisema aliona fahari, na fahari ikamziba macho. Walikubaliana kwamba mtoto atajifunza Koo kama zamani, na baba yake, na anayekuja kununua samaki anunue samaki. Si wote waliofurahi. Baba mmoja alisema wanawe walikuwa wamezoea kupata mashati. Lakini hakuna aliyesimama kupinga, kwa kuwa Pétronille alikuwa anapita nje na beseni lake, na kila mwanamume aliyekaa pale alijiuliza kimoyomoyo kama yeye angeweza kupita Koo kwa maji yale.

Hilaire hakuongea na mama yake siku nyingi. Alikuwa amezoea kuitwa Capitaine, na sasa watu mjini walimpita kama mtoto mwingine yeyote. Asubuhi moja alimkuta anaosha sufuria mtoni, akachuchumaa kando yake.

"Mama, kule chini ulipita wapi?"

"Kuko mwamba umelala. Chini yake maji hayana haraka."

"Miye sijauona hata mara moja."

"Hauwezi kuuona ukiwa na haraka ya kushindana na mwenzio. Maji yakishuka nitakuonyesha. Weye na miye, na papa yako. Hakuna mutu mwingine."

Na Claudine? Watu hupenda kusema alipona siku ile ile. Haikuwa hivyo. Kwa miezi kadhaa kila kitu kwake kilikuwa pari: kuku gani ataingia kwanza, mvua itanyesha ama haitanyesha, mtoto wa jirani atazaliwa wa kiume ama wa kike. Lilimtoka neno hilo hata usingizini. Pétronille hakumfokea. Kila mara alimjibu "Tungoje tuone," akakaa naye chini wakangoja, hata kama ni kuku. Alizungumza na mama yake Simone, na mama yake Zéphirin, na wanawake wale wakaanza kukaa mchangani Jumapili mchana pamoja na watoto wao, wakisuka nywele, wakisimulia, masikio wazi. Michezo iliendelea. Kilichokatazwa ni kuweka kitu. Shanga za bluu zilirudi kutoka nyumba ya Simone bila maneno, zimefungwa ndani ya jani.

Maji yalishuka. Mchana mmoja Arthur alionekana kwenye njia ya ufukoni, bila baiskeli, amemshika mkono msichana mdogo mwenye gauni la njano. Alimsalimu Pétronille kwa kichwa kilichoinama.

"Huyu ni binti yangu, Marie-Jeanne. Anataka kuona samaki."

"Karibuni. Banavuta sasa hivi."

Wakasimama pamoja. Kule kwenye miti wanaume walikuwa wameanza kulivuta tenga kubwa, migongo imepinda, wakiitikiana wimbo. Mtoto alitazama kamba zinavyokaza. Akamvuta baba yake suruali.

"Papa, tufanye pari? Iko na samaki ao iko tupu?"

Arthur alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Hakujua atazame wapi. "Mama Hilaire," alisema taratibu, "naapa, miye sijamufundisha. Hata siku moja."

"Najua," alisema Pétronille. "Hakuna anayebafundisha, tonton. Banatusikia tu."

Arthur alichuchumaa, magoti yake yakagusa mchanga, suruali nzuri na yote. Alitaka kumwambia mtoto kitu, na ilionekana usoni mwake kwamba ni kitu kirefu na hajui kinaanzia wapi. Lakini tenga lilitoka majini wakati ule ule, linamwaga maji kila upande kwa mng'ao, na ndani yake capitaine mmoja mrefu kuliko Marie-Jeanne alipinda mwili wote, akapiga mkia, fedha tupu, jua likampata. Mti aliokuwa amekanyaga Léon ukatetemeka. Mtoto aliachia suruali ya baba yake. Mdomo ulibaki wazi.

"Iko muzima?" alinong'ona.

"Iko muzima," alisema Arthur.

Akamnyanyua mabegani ili aone vizuri.